Kumi na Moja, Kumi na Saba

Mwalimu Lukindo alichora jedwali lake
nyuma ya kalenda ya chama cha ushirika,
vyumba mia na ushei, kila kimoja na mpangaji wake,
akalibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Panya wakala ukingo wote wa kulia.
"Hao gesi adimu," akasema, "hatuna hasara nao.
Wamejitosheleza. Hawaazimi, hawaazimwi."

Namba kumi na moja aliitoa kwenye mafuta ya taa,
akaikata kwa kisu cha mezani.
Ndani iling'aa; kabla hatujasema lo, ikafifia.
Kipande cha punje ya mtama akakitupa karaini:
kikakimbia juu ya maji, kikafoka, kikalipuka,
Kibwana akapanda juu ya dawati.

Namba kumi na saba hakutuonyesha.
Gesi ya kijani iliyopauka, alisema,
ukiivuta mapafu yanajaa maji.
Kisha akafungua kijikaratasi,
akachovya embe bichi, akatafuna mbele yetu.
"Nimewala wote wawili. Mnaniona nimekufa?"

Mtihani nilipata sifuri.

Leo nina reki na mabuti yaliyotoboka, hapa Nunge,
jaruba la nne kutoka kwenye mikoko,
na somo lile ndiyo kwanza linafika.

Alisema sodiamu ina elektroni moja ya ziada,
inayoikera kama mgeni asiyeaga;
klorini imepungukiwa moja hiyo hiyo.
Mmoja anatoa, mmoja anapokea,
basi, ndoa imefungwa.
Darasa likacheka. Kibwana akanitazama mimi.
(Nikaja kuolewa naye.
Kupokea alikujua.)

Mwalimu, ulifupisha.
Binti yangu Mwasiti kanisomea kitabuni:
ndani ya punje ya chumvi
kila sodiamu imezungukwa na klorini sita,
kila klorini na sodiamu sita.
Humo hamna mke wa mtu wala mume wa mtu.
Hiyo si ndoa. Huo ni mtaa.

Akasoma na jingine, nikaacha kuchambua mchele:
ayoni iliyotoa huitwa chanya,
iliyopokea huitwa hasi.
Nikamwambia, rudia.
Akarudia.

Ila nisijidanganye.
Chumvi ikishaganda chini,
juu hubaki maji mazito ya magnesiamu.
Nayo imetoa, tena imetoa mbili,
na ukiionja utatema mpaka jioni.
Tunayafungulia yaende zake mferejini.

Mwaka jana mvua ilikuja kabla hatujazoa.
Usiku mmoja tu,
na milundo kumi na minne ikaachana,
kila ayoni ikajiendea na maji yake,
wala hakuna iliyokufa.
Ni sisi tuliolia.

Jana, saa tatu usiku, hodi.
Sikudhani wa nyumba ya pili, kikombe mkononi.
Usiku kitu hicho hakitajwi jina;
alisema tu, "Jirani, mchuzi wangu umenuna."
Nikachota kijiko kwenye mkebe,
kikajaa, kikamwagika kidogo kizingitini.

Akaenda.
Nikabaki mlangoni,
nimepungukiwa kimoja.