Fundi Mwashi Apima Shule Mbili

Matokeo yalipotoka Candiru alikuwa na kumi na tisa,
daraja la pili, na mama yake akachinja jogoo
tuliyekuwa tumemwekea Pasaka.
Usiku nikazihesabu shule za serikali
ninazoweza kuzifikia kwa baiskeli na kurudi siku hiyohiyo:
mbili. Ya tatu ina kibao tu.

Asubuhi nikatia timazi mfukoni.
Si kwa hila. Mwingine hubeba rozari.

Ya Kilimani ina geti la chuma, la buluu,
na ubao wa majina ya waliofaulu
unaoishia mwaka ambao Candiru hajazaliwa.
Mkuu wa shule, Bwana Obitre, ana kiti kinachozunguka,
akanizungushia maneno: nidhamu, maadili, maabara.
Maabara naijua. Msingi wake niliuchimba mimi.
Mifuko arobaini ya saruji ilishuka kwenye lori,
ishirini na sita ikaingia ukutani;
iliyobaki, waulizeni wenye nyumba mpya pale senta.
Nikaomba kuiona. Ufunguo, akasema,
anao mwalimu wa kemia,
na mwalimu wa kemia yuko Arua hadi Alhamisi,
kule ana shule nyingine, inayolipa kwa wakati.
Nikachungulia dirishani: mikebe, vumbi,
mifupa ya plastiki imevishwa sweta la mtu.
Nikaning'iniza timazi kando ya ukuta.
Umeinama. Kidogo, upana wa kidole cha mtoto.
Nikalikunja upesi, nikatazama kama kuna aliyeniona.
Nilijua pungufu la saruji, nikapokea ujira wangu,
nikaondoka na baiskeli hii hii.

Ya Bondeni haina geti. Mbuzi huingia na kutoka
kama wakaguzi, ila mbuzi huja kila siku.
Madarasa matatu ya tofali, mawili ya turubai
lenye herufi za shirika, zimefifia.
Ikaanguka mvua isiyo na adabu, ya Februari.
Chini ya bati mwalimu hawezi kusikika, nikangoja
waambiwe wafunike vitabu, walale.
Mwalimu wa hesabu, binti mwembamba, Ezaru jina lake,
aliandika ubaoni, akageuka, akanyoosha vidole vinne,
akavikunja, akanyoosha viwili,
na darasa zima, sabini na ushei,
likamjibu kwa vidole.
Nikasimama kwenye maji hadi mvua ikakatika.

Nyuma kuna choo cha wasichana.
Kimesimama wima; timazi lilikosa la kusema.
Lakini mlango hauna komeo.
Huenda wawiliwawili, mmoja ndani,
mmoja nje ameukumbatia mlango kama mgonjwa.
Kule Kilimani komeo lipo,
lipo kwa nje, na kufuli juu yake: choo cha wageni.

Nyumbani nikaeleza kuta, bati, ada.
Candiru akaniacha nimalize, akauliza:
"Ijumaa mchana, baba, nani alikuwa anafundisha?"
Mama yake akauliza kijito.
Kilomita kumi na moja, nikasema, na Agosti hufurika.
"Kilimani kuna bweni," akasema mama yake,
na wote watatu tukamtazama mbuzi mwenye mimba
asiyejua anajadiliwa.

Hatujakubaliana. Juzi mama yake amefua sare ya jirani
iliyo ya rangi ya Kilimani, akaianika muda mrefu mno.
Candiru hasemi kitu, ananyoosha vidole akikoroga uji,
vinne, viwili, anajijibu.

Na mimi nimeichukua ile orodha ya Bondeni:
rimu moja ya karatasi, jembe lenye mpini,
ufagio, ndoo, godoro kwa anayepanga karibu.
Chini yake, kwa kalamu ya kupimia mbao,
nimeandika ambacho shule haikuomba:
komeo moja, misumari minne,
na baba yake, siku moja, bila malipo.
Kisha nikakaa nikiufikiria ule ukuta mwingine,
ambao hauko kwenye orodha ya mtu yeyote.