Alama Mbele ya Mabano

Saba, toa, fungua mabano,
eksi toa tano, funga mabano,
sawasawa na mbili eksi.

Jumamosi ya tatu tunalirudia lile lile,
chumba cha uani, Njoro,
mvua ya Aprili inapiga bati hadi maneno yangu
nayaandika badala ya kuyasema.
Mlima haujaonekana tangu Jumatatu.
Haikaeli ameegemeza shavu kwenye ngumi,
kalamu yake imetafunwa hadi karibu na wino.

Mimi si mwalimu wa kusomea.
Miaka kumi na tisa nilikaa na leja
kiwandani, magunia ya kahawa yakiingia, yakitoka,
mtaa ukaniita Mama Leja
na jina likabaki hata kiwanda kiliponipa barua
na saa ya ukutani.
Ninachojua ni kwamba safu mbili zikikataa kulingana
kosa lipo, na lina mahali linapokaa.

La Haikaeli linakaa palepale.
Anafungua mabano kwa adabu, kama anayebisha hodi,
anaipa eksi alama ya kutoa,
kisha anaipita tano kimyakimya,
anaiacha ilivyokuwa.
Jibu linatoka theluthi mbili.
Analipigia mstari, mara mbili, kwa rula.

Nimemwambia, "Zidisha kila kilichomo."
Nimemchorea mishale, mwekundu, wa bluu.
Nimemwambia kwa Kiingereza cha kitabu,
kisha kwa Kiswahili, bado kidogo nimwambie kwa Kichaga.
Anaitikia.
Wiki inayofuata, theluthi mbili.

Leo nimenyamaza. Nimemmiminia chai.
Nikauliza, si kwa ukali,
"Kwa nini wa kwanza tu?"

Akalitazama daftari kama ndilo lililoulizwa.
"Si deni, hiyo alama? Ulisema ni deni."
Nilisema.
"Basi deni analipa wa kwanza."
Akanyoosha kidole, akakirudisha.
"Kundaeli alitoka shule. Sisi wengine
tukabaki tulivyokuwa."

Bati lilikuwa na maneno mengi.
Mimi sikuwa na hata moja.

Kundaeli namjua. Anapakia mbao Pasua,
kidato cha tatu alikiacha katikati,
na Ijumaa jioni ndiye anayeniletea ada ya mdogo wake,
noti zimekunjwa mara nne, zina unga wa msumeno.

Nikachukua kifutio, nikafuta theluthi mbili.
"Haya mabano ni nyumba," nikasema.
"Alama imesimama mlangoni.
Hakuna aliyemo ndani asiyeguswa.
Unayemwona hajaguswa, mtazame tena."

Akaitazama tano.
Muda mrefu, chai ikafanya utando.
"Kumbe tano ilikuja na deni lake," akasema polepole.
"Ndiyo."
"Deni juu ya deni."
"Si juu ya. Linatolewa. Mtu akikutolea deni, unakuwaje?"

Hakunijibu mimi. Alishika kalamu,
na juu ya kijistari kilicholala
akasimamisha kingine, kimepinda kidogo.
Jumlisha tano.
Kumi na mbili. Tatu eksi.
Nne.

Akairudisha nne mahali pa eksi, nilivyomzoeza:
huku nane, huku nane.
Hakutabasamu. Alihesabu tena, na tena,
kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi
na muuza duka bado anamtazama.

Saa ya kiwanda ikagonga kumi.
Akafunga vitabu ndani ya mfuko wa sukari,
mlangoni akageuka:
"Na hilo la nyumbani, anayelitoa ni nani?"

Swali hilo halimo kwenye mtihani wa kidato cha pili.
Nikamwambia ajifunike, mvua haijakatika.

Kisha nikafungua leja yangu ndogo,
ukurasa wa Aprili, jina lake, safu ya ada,
kalamu mkononi,
na mpaka sasa sijaandika kitu.