Nukta ya Arobaini

Tulikodi ghala la pamba pale Igombe
kwa kuwa ni refu, lina giza, na bei yake ilisikilizika.
Nyuzi nyeupe bado zinaning'inia kwenye kenchi.
Ziwa liliingia kwa kila tundu la msumari,
likimwagika sakafuni kama chenji.
Tukalifukuza kwa turubai, magazeti na gundi,
maana kamera zetu nane hazijui ziwa ni nini.
Zinajua kitu kimoja tu: king'aacho.

Mbuke Lugwisha alivaa vazi jeusi la kubana,
akajitazama juu hadi chini:
"Leo nimekuwa kambare."
Nikambandika vigololi thelathini na tisa,
viwikoni, magotini, nyongani, visiginoni.
Nilipofika ubavuni akacheka, kimoja kikadondoka,
tukakitafuta kwa magoti, sote, na profesa.
"Na hili je?" akauliza,
akiinua jembe.

Jembe lenyewe limelima misimu kumi na minne,
mihogo, mpunga, choroko,
bapa limelika upande, jeupe kama jino.
Kwenye kioo lilizaa vizuka:
nukta zisizo na kiungo, zinarukaruka juu ya kichwa chake.
"Uchafu wa data," akasema profesa. "Lipakeni masizi."

Nilikwangua sufuria ya mama ntilie wa jirani.
Nikalipaka mbele na nyuma.
Mbuke alinitazama
kama mtu aonaye ng'ombe wake akitiwa chapa ya boma jingine.

Swali letu liliandikwa vizuri, ndiyo maana lilipata fedha:
katika bugobogobo, nani humfuata nani,
mguu au ngoma?

Taa moja tuliiacha. Masunga akakaa kwenye ngoma.
Jembe likapaa, likajigeuza, likadakwa.
Mguu ukatua.
Ngoma ikachelewa.

Milisekunde sitini na moja.
Ni kidogo; kope haijafika nusu ya safari yake.
Lakini Mbuke alisimama palepale: "Masunga, umelewa?"
"Hata togwa sijaonja."
Tukarudia: sabini.
Tukarudia: hamsini na nane.
Mara ya sita Masunga akaweka vijiti chini.

"Nani asikie miguu ya mtu shambani,
watu thelathini wakipasua udongo kwa pamoja?
Mimi natazama jembe.
Likimulika, napiga.
Ninyi mmelizima."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaivua tena.
Swali zuri vile, na jibu tulikuwa tumelipaka masizi.
Nikachukua tambara na mafuta ya alizeti,
nikasugua hadi kucha zangu zikawa nyeusi,
na bapa likarudi kuwa jino.

Sasa usiku naketi na rekodi ile.
Mtu wa nukta thelathini na tisa anacheza gizani,
hana uso, hana jasho, hana ile harufu ya mafuta,
ila namjua ni Mbuke kwa namna bega la kulia
linavyotangulia kujua.
Juu yake inazuka nukta ya arobaini,
inapotea, inazuka,
na kila ikizuka ngoma iko pale pale, haikosei.
Programu inauliza: futa, au ipe jina?
Orodha inanipa kiwiko, kifundo, nyonga.
Nimeandika mwenyewe: jembe.

Mbuke, siku ya malipo, alidai posho mbili.
"Lilifanya kazi," alisema, "tena kuniliko."
Profesa alikuna kichwa, kisha akasaini.
Iko kwenye daftari: mshiriki wa tatu, chuma, umri haujulikani.

Juzi nikihesabu upya nilipata arobaini na moja.
Iko chini, pembeni kulia, haichezi,
inapumua tu, polepole.
Nilirudi ghalani na tochi, nikalikuta:
tundu la msumari tulilolisahau,
na nyuma yake, ziwa.

Hiyo sijaipa jina.
Kuifuta nako, bado.