Kibandiko cha Bei

Mgombea alishuka basini Harlan Creek, Wisconsin,
Novemba, upepo unakata masikio,
amevaa buti za mfugaji.
Alipopanda ngazi za jukwaa nikaona soli:
kibandiko cha bei kingali pale.

Akasema turudi kulikokuwa kuzuri.
Bwana, mimi nilikuwako.
Nilikuwa muuguzi wa shule miaka thelathini na mmoja.
Nilimficha Darlene Voss katika chumba cha dawa,
mumewe anagonga mlango, na polisi wanamwambia
mambo ya nyumbani yaishie nyumbani.

Akasema familia. Akasema imani.
Akasema mpaka, mpaka, mpaka,
na jirani yangu Orville akapiga makofi hadi glavu zikamtoka,
Orville, ambaye ng'ombe wake mia na arobaini
hukamuliwa alfajiri na Eusebio na Maricruz
tangu mgongo wake ulipomgomea.

Tukitoka nikamuuliza, "Wakifukuzwa, nani atakamua?"
Akatazama theluji.
"Wangu hawamo," akasema.

Wangu.
Kila aliyepiga makofi pale ana wake wasiohusika.

Sisemi wa kwetu ni malaika.
Walikuja mara moja, wakala pai,
wakakosea jina la mji.
Lakini hawakunitaka nimwogope anayenijazia chupa ya maziwa.

Jumanne nitampitia Orville,
gari lake haliwaki kwenye baridi.
Ukumbi wa zimamoto, foleni moja, kalamu moja ya kamba:
atafuta kura yangu, nitafuta yake,
kisha nitamrudisha kwake, redio imezimwa.