Mashine ya Kufulia

Ilipokufa mashine yangu ya kufulia, mwezi wa pili,
theluji ingali imelala mabegani mwa Jelovica,
Gašper hakuita fundi.
Aliifungua mgongo, akatoa pipa la ndani,
lile la chuma cheupe lenye matundu mia kidogo,
akalipakata kama aliyeshinda mwanakondoo kwenye bahati nasibu.
"Hili litaendelea kufua," akasema.
Mimi nikafua kwa mikono mpaka Pasaka.

Tunagawana kitenzi kimoja, mimi na mume wangu.
Mimi nafua mashuka, yeye anafua chuma,
na wote wawili jioni tunanuka maji yaliyochoka.

Tela alinunua kwa mfugaji mmoja, bado inanuka maziwa.
Miguu ya pipa ilikuwa kitanda cha mama yake.
Kwanza aliweka feni ya gari bovu ipulize makaa,
kisha akaona haya: nani atatoka kwake kutazama feni?
Akachuna ngozi ya kochi letu, akashona mivukuto
kwa sindano ya viatu, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Fuawe, kilo sabini. Gogo la mwaloni. Mnyororo wa kulibana
lisilie hadi kwa jirani.
Na kamba ya kuzuia watoto, hatua tatu kutoka motoni,
maana cheche huruka mbili na nusu.
Alipima. Suruali yake ni shahidi.

Zamani mto ndio uliovuta pumzi ya viwanda vyetu,
na watu waliufuata mto wakajenga, wakazaa, wakafua misumari
iliyoshika meli ambazo hawakuziona kamwe.
Siku hizi mto umetiwa bombani chini ya maegesho.
Basi moto uwafuate watu walipo,
sokoni Jumamosi, katikati ya keki na asali.

Siku ya kwanza uwanja ulikuwa na mteremko.
Tela ikaanza safari yake, tukaikingia jiwe, jiwe likapasuka,
nikavua kiatu.
Moshi ukaenda moja kwa moja kwenye meza ya asali,
na mwenye asali akasema jambo ambalo sitaliandika.
Gašper akaeleza. Aina za makaa, rangi za joto,
nyekundu ya cheri, manjano ya majani makavu,
akaeleza, akaeleza, na chuma kikapoa mkononi mwake
huku watu wakitazama simu.
Chuma hakingoji hotuba.

Ndipo Tončka Legatova akapita chini ya kamba.
Miaka themanini na saba, mkoba wa vitunguu begani.
Alianza kufua misumari akiwa na miaka tisa, kabla ya shule na baada ya shule.
Alishika nyundo, akaishusha, akatazama gogo.
"Umejengea majitu," akamwambia.
Nikageuza kreti ya tufaha, akapanda.
Mipigo kumi na mmoja. Nilihesabu.
Akaukata, akaupiga kichwa, akauangusha ndooni,
na ule mlio mfupi wa maji
ukawanyanyua watu macho, hata yule wa asali.
Mtoto akauliza: "Ni wa kitu gani?"
"Ni wa supu," akajibu Tončka, akachukua vitunguu vyake akaenda.

Usiku ule Gašper alikata gogo, vidole vinne.
Sasa kila Jumamosi anainama kuliko inavyompasa,
na mimi namkanda kiuno kwa mafuta ya kafuri
nikimtukana polepole.
Lakini watoto wanaifikia fuawe. Na wazee.

Wanamlipa yuro themanini kwa siku.
Mashine mpya ni mia nne na kitu.
Nangoja. Kamba yangu ya kuanikia inapita ua mzima,
na upande wa ukutani
imeshikwa na msumari wa Tončka, umepinda kidogo,
mashuka mawili ya maji juu yake, na upepo.