Mstari wa Arobaini na Moja

Tartu, mtaa wa Annelinn, orofa ya tisa. Januari.
Theluji imeyafunika magari hadi hayajulikani ni ya nani.
Mimi ndiye mweka hazina wa jengo,
cheo nilichopewa kwa kuchelewa kikaoni.

Kila mwezi skripti yangu hugawa bili ya maji ya moto
kwa idadi ya vichwa, nyumba hadi nyumba,
na kufumba na kufumbua imemaliza.
Haijawahi kulalamika.
Lakini Bi Salme wa namba kumi na saba
hulipa kama watu wawili,
naye ni mmoja tangu Machi ya mwaka juzi.

Msimbo nimeusoma mara nne.
Ukiusoma hauna kosa. Una adabu
za mwizi aliyezoea kusachiwa.

Basi nikabonyeza pembeni,
kushoto mwa mstari wa arobaini na moja,
likachipuka doa jekundu.
Nukta ya wino, nukta ya saa:
zote mbili nilizihitaji.

Nikaiendesha.
Ikaja mbio kama ilivyozoea, ikafika pale,
ikasimama dede, mguu mmoja hewani.

Sikuwahi kuiona imesimama.
Yaliyomo mifukoni mwake yote mezani:
nyumba, 1. Vichwa, 3.
Akina Kuuse na mtoto wao. Sawa. Endelea.
Nyumba ya tano: mwanafunzi na paka.
Paka hahesabiwi. Endelea.
Chai imeota utando.
Nyumba ya kumi na saba.

Hapo sikubonyeza endelea.
Nikaingia ndani ya kitanzi
hatua kwa hatua, seli kwa seli.

Salme. Vichwa, 1.
Seli inayofuata haina kitu.
Ni mimi niliyemfuta Endel,
jioni ya mazishi, bado nimevaa koti,
herufi moja moja, kutoka mwisho wa jina hadi mwanzo,
nikauacha mstari wake wazi
kwa kuwa kuuondoa kabisa niliona ni utovu wa heshima.
Hatua moja tena.
Vichwa, 2.

Utupu umehesabiwa mtu.

Nilikaa.
Programu nayo ilikaa,
haina habari kwamba inasubirishwa.

Kisha nikaandika sharti: seli ikiwa tupu, ruka.
Doa jekundu nikaliondoa.
Miezi ishirini na miwili, euro tisa kila mwezi:
mia moja tisini na nane, ndani ya bahasha.
Nikateremka kwa ngazi; lifti ingenifikisha upesi mno.

Bi Salme alihesabu fedha polepole mlangoni,
akilowesha kidole.
"Niliona," akasema. "Nilidhani mnajua."
Akahesabu upya,
akanirudishia euro tisa.

"Machi umekosea," akasema.
"Hadi tarehe ishirini alikuwa bado anaoga."