Mafuta ya Kivumbasi

Mama anaponda kokoto Ntyuka.
Nyundo ya ratili nne, pete ya mpira wa tairi
ya kuzuia jiwe lisiruke,
na ndoo ishirini ndizo anazoziita siku.

Mimi nauza dawa Majengo, nyuma ya kioo,
koti jeupe, kalamu mfukoni.
Maumivu nayajua kwa bei:
ya kichwa mia mbili, ya mgongo elfu,
ya jino hutegemea mtu amelala au hajalala.

Mwezi wa pili nilimpelekea vidonge vya manjano.
Vikampoza viganja, vikamchoma tumbo.
Akavirudisha kwenye kopo lao, akanikabidhi:
"Hivi vinahamisha tu, mwanangu.
Mgonjwa ametoka sebuleni, amelala jikoni."

Ndipo akamfuata Ndahani, fundi friji,
kijana ambaye hata chai humwagikia,
lakini alikuwa na sufuria kubwa la msibani
na mrija wa shaba aliouchomoa kwenye friji iliyokufa.
Wakajaza kivumbasi cha korongoni,
kile ambacho hata mbuzi hukiruka,
kimekatwa alfajiri, jua halijakipora harufu.
Wakaziba mfuniko kwa unga wa mtama uliokandwa.
Mrija ukapita ndani ya ndoo ya maji,
na maji kwetu mnajua yanavyopatikana,
basi yaleyale yaliyopoza shaba
yakafua kanga, yakaosha masufuria,
yakaishia kwenye tuta la mchicha.

Tone.

Kitambo.

Tone.

Gunia zima la majani,
na kichupa cha dawa ya macho hakikujaa.

Nilikwenda Jumapili na dharau yangu yote.
Nikauliza: dozi yake ngapi? Imepimwa wapi?
Chumba kizima kilinuka karafuu iliyogombana na ndimu.
Mama alidondosha matone matatu
kwenye kijiko cha mafuta ya alizeti,
akaninyoshea mikono.
"Siwezi kujisugua," alisema.
"Kidole cha kusugulia ndicho kinachouma."

Nikaanza na gumba.
Vifundo vimevimba kama tangawizi,
ukucha mmoja mweusi tangu mwaka ule
mji ulipoanza kupanda juu.
Kuna ghorofa nalipita kila asubuhi;
sijui ni kokoto ngapi za zege lake
zilizopita hapa, kati ya kidole hiki na hiki.

Kiganja kikapata joto, kisha baridi, kisha joto.
Kidole cha shahada kikalegea taratibu,
kama fundo la kamba lililoloweshwa.
Mama akafumba macho. Akasema, "Hapo."
Nikarudia. Akasema, "Hapo,"
kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia
tangu tumzike baba.

Ni mafuta, au ni vidole vyangu?
Kitabu changu cha chuo kina sura ya mfumo wa fahamu.
Niliifungua usiku ule, nikaifunga.

Jumatatu, kabla ya adhana na kabla ya kengele,
ko.
Ko. Ko.
Mkono haukuuma alfajiri ile,
kwa hiyo aliponda ndoo ishirini na sita.

Hapo ndipo nilipokikasirikia kivumbasi.
Nilikwenda korongoni nikasimama mbele yake
kama mtu anayedai deni:
wewe, umemtibu nani?
Umemtibu mama, au umeitibu nyundo?
Kilitikisika kidogo. Ni upepo tu,
Dodoma upepo haukosi.
Nikakata vishada viwili, nikarudi navyo.

Leo ameingia mteja dukani,
vumbi jeupe nyusini, bega moja juu ya jingine.
Anataka cha mgongo, cha elfu.
Nimempa. Nimehesabu chenji.
Kisha nikasikia mdomo wangu ukimwuliza
swali lisilo kwenye fomu yoyote:
"Nyumbani, yupo wa kukusugua?"

Akacheka.
Akaangalia mlango.

Hakuondoka.